Kuwaambukiza Viwavi

Alikuwa ananing'inia kwenye ncha ya jani, kichwa chini, ameshikilia kwa miguu ya nyuma tu. Kwa mbali nilidhani ni kipande cha uzi. Nilipomgusa kwa kijiti, ngozi ilipasuka yenyewe, na uji wa rangi ya kahawia ukatiririka juu ya jani lote, ukadondokea jani la chini yake, na kutoka hapo ukadondokea la chini zaidi.

Ndani hakukuwa na kitu kingine. Kiwavi mzima alikuwa amegeuka maji.

Shangazi alikuwa mistari miwili nyuma yangu, anapekua mioyo ya mahindi. Akasogea, akatazama, akauliza, "Nani kampulizia huyo?"

"Hakuna, shangazi. Nadhani ameugua."

"Kiwavi anaugua?"

Nikamwambia ndiyo, nilishawahi kusoma kwamba wana virusi vyao. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza maswali mawili ambayo yamenikalia kichwani kwa wiki tano sasa. La kwanza: naweza kuwaambukiza na hawa wengine? La pili, ambalo alilisema kwa sauti ya chini akiwa amekwisha kuinama tena: ukitoka kwao, hautaingia kwetu?

Viwavijeshi vamizi hawahitaji kutambulishwa na mimi. Kila aliyelima mahindi tangu mwaka 2016, walipogunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika, anawajua: ile Y iliyopinduliwa usoni, vile vidoto vinne karibu na mkia, ule uchafu kama unga wa mbao ndani ya moyo wa mche. Nilichokuwa sikijui ni huyu aliyekufa bila kuguswa na mtu.

Nilimfunga kwenye kichupa nikaondoka naye.

Tone la kaboneti

Nina rafiki anayefanya kazi maabara. Alikubali kunisaidia jioni, baada ya shughuli zake. Alichukua tone la ule uji, akaongeza maji, akachuja, akaweka kidogo juu ya kioo chini ya hadubini.

Virusi kwa kawaida ni vidogo mno kuonekana kwa hadubini ya mwanga. Hivi vilionekana, kwa sababu havisafiri uchi. Hujifungia kwa wingi ndani ya kijiwe cha protini chenye upana wa mikroni moja, mbili, au tatu. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vijiwe hivyo vilijaa kwenye uwanja wote wa hadubini, vinang'aa, vinatetemeka ndani ya maji kama punje za chumvi zilizokataa kuyeyuka.

"Sasa tazama," akasema.

Akadondosha pembeni ya kioo tone moja la maji yenye sodiamu kaboneti. Ni ndugu wa magadi, kama hujawahi kuishika. Nikabaki nimebandika jicho. Vijiwe vya pembeni vikaanza kufifia. Kimoja, kingine, halafu kundi zima. Baada ya muda mfupi sehemu ile ilikuwa tupu.

Maji ya kawaida hayaviyeyushi. Mvua haiviyeyushi. Vikianguka udongoni mahali pasipofikiwa na jua, vinaweza kukaa miaka. Ila utumbo wa kiwavi ni mkali kama magadi, pH yake, yaani kipimo cha uasidi au umagadi, ni kati ya 9 na 11, na humo ndimo kijiwe kinapofunguka na kuachia virusi vilivyomo. Virusi huingia kwenye seli za ukuta wa utumbo, huzaliana, kisha hupenya mirija ya hewa na kusambaa hadi karibu kila sehemu ya mwili. Mwishoni hutengeneza vimeng'enya viwili: kimoja hukata kaitini, kile kitu kinachoipa ngozi ugumu, kingine huyeyusha protini. Ule uji niliouona ni kazi ya vimeng'enya hivyo. Kiwavi mmoja mkubwa anaweza kuacha vijiwe zaidi ya bilioni moja.

Kijiwe hakimkimbizi mtu. Kinakaa juu ya jani kumsubiri anayelila.

Kupanda juu kufa

Kwa nini alikufa kwenye ncha ya jani? Mwenzake mzima anajificha ndani ya moyo wa mche, mahali ambapo jua, ndege na bomba la dawa vinamfikia kwa shida. Huyu alitoka akapanda juu, hadharani.

Wataalamu wa misitu wa Ujerumani waliliona jambo hili tangu karne ya 19, kwenye viwavi waliokuwa wanakula misonobari. Wagonjwa walikuwa wanapanda hadi kileleni na kufia huko kwa makundi, na wao wakauita ugonjwa wa vilele vya miti. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walionyesha, kwa nondo aitwaye Lymantria dispar, kwamba kirusi kina jeni inayohusika na tabia hiyo. Inaitwa egt. Jeni hii huzima homoni inayomfanya kiwavi ajivue gamba. Kiwavi mzima wa nondo huyu hushuka mchana kujificha na kupanda usiku kula. Aliyeambukizwa hubaki juu. Watafiti walipoiondoa jeni hiyo kwenye kirusi, viwavi waliokufa hawakufia tena juu.

Na akifia juu, uji unateremka. Unaangukia majani ambayo wengine watayala.

Nililala na jambo hili siku kadhaa, na sikulifurahia. Ni jambo moja kumuua mdudu anayeharibu chakula. Ni jambo lingine kumtumia kitu kinachomtawala mwili, kinachomwambia wapi aende akafe. Nilijiuliza kama kuna tofauti ya kweli, au ni mimi tu ninayeshtuka kwa sababu sumu inaua haraka na hainilazimishi kutazama. Sumu nyingi za viwavi hushambulia mishipa ya fahamu. Mdudu hutapatapa, hupooza, kisha hufa. Hakuna kifo kizuri katika shamba lile. Nikakubali kwamba kinachonisumbua si kiwavi. Ni lile swali la pili la shangazi.

Ukitoka kwao, hautaingia kwetu?

Tumetoka kwenye janga juzi tu. Mtu akikuambia anataka kusambaza kirusi kwa makusudi, una haki ya kusimama na kumuuliza maswali.

Familia ya virusi hivi, Baculoviridae, inajulikana kwa kuambukiza wadudu, hasa viwavi wa nondo na vipepeo. Kwa binadamu, ng'ombe, ndege na samaki havizaliani. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba tumekuwa tukivila muda wote. Miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walikagua kabichi zilizokuwa zinauzwa madukani, wakakuta mamilioni ya vijiwe kwenye majani yake, vilivyoachwa na viwavi waliojifia wenyewe shambani. Hakuna aliyekuwa amenyunyiza.

Halafu kuna hili, ambalo nilimpigia shangazi simu usiku kumweleza kwa sababu sikuweza kusubiri. Katika maabara za dunia kuna seli zinazoitwa Sf9. Herufi mbili za mwanzo zinatoka kwenye jina la kisayansi la kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Zilichukuliwa kwenye viungo vya uzazi vya nondo huyu, zikakuzwa kwenye chupa, na hadi leo zinaishi. Wanasayansi huzipandikiza kirusi cha familia hii kilichobebeshwa jeni ya protini wanayoitaka, nazo zikaitengeneza. Chanjo ya Novavax ya COVID-19 ilitengenezwa namna hiyo.

"Yaani huyu huyu?" shangazi akauliza.

Huyu huyu.

Lakini sikutaka nimtulize kwa nusu ya ukweli. Virusi hivi havifanani vyote. Kipo kimoja maarufu, AcMNPV, kinachoambukiza zaidi ya aina thelathini za nondo na vipepeo. Wafugaji wa viwavi wa hariri nao wana kirusi chao cha familia hii, na kimewatia hasara kwa karne nyingi. Kile cha kiwavijeshi vamizi, SfMNPV, kinachagua zaidi. Kinamtafuta yeye na kwa kiasi kikubwa kinaishia kwake. Kwa hiyo mtu akisema "kirusi cha wadudu ni salama" bila kutaja ni kirusi kipi na kwa mdudu gani, hajajibu kitu.

Hata nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, ambao ni rafiki zetu wakubwa, hupata hasara hapa. Kiwavi akifa kwa kirusi kabla mtoto wa nyigu hajakomaa, wanakufa wote wawili. Hilo halifuti tofauti kati ya kirusi na sumu inayoua nyigu, nyuki na kiwavi kwa pigo moja. Ila lipo.

Kirusi hufuata umati

Mwishoni mwa miaka ya 1860, Mfaransa Étienne Léopold Trouvelot, aliyekuwa akiishi Medford katika jimbo la Massachusetts, aliagiza nondo Lymantria dispar kutoka Ulaya akiwa na ndoto ya hariri. Baadhi yao wakamponyoka. Leo wanakula misitu ya mashariki ya Marekani na sehemu za Kanada.

Mdudu anapohama bara, mara nyingi huwaacha nyuma adui zake: nyigu, kuvu, magonjwa. Hiyo ni sehemu kubwa ya nguvu ya mvamizi. Anaingia mahali ambapo hakuna anayemjua. Baadaye, wakati mwingine, ugonjwa unamfuata. Kirusi cha nondo huyu kilionekana Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na hakuna aliyekileta kwa makusudi.

Hapo ndipo nilipopata shaka yangu ya kwanza nzito. Kirusi hiki kinaua kwa kishindo pale viwavi wanapojazana. Kinahitaji maiti karibu na mdomo. Maana yake ni kwamba kikiachiwa kifanye kazi chenyewe, kinakuja wakati miti imekwisha kuvuliwa majani. Msitu unaweza kuvumilia hilo, ukachipua tena mwaka unaofuata. Mahindi hayachipui.

Kwa hiyo huwezi kukisubiri. Lazima ukitangulize.

Huduma ya Misitu ya Marekani ilisajili dawa ya kirusi hicho, Gypchek, mwaka 1978. Inafaa hasa mahali ambapo kuna vipepeo adimu wasiotakiwa kuguswa, lakini haijawahi kuwa nyingi, kwa sababu kirusi hiki huzalishwa ndani ya viwavi hai. Ili upate dawa, ni lazima ufuge adui. Kwa kiwavijeshi vamizi kazi ni ngumu zaidi: hawa hulana. Ukiweka kumi kwenye chombo kimoja, siku chache baadaye unahesabu wachache walionenepa. Kila mmoja anahitaji chumba chake.

Brazil walipata njia ambayo bado naiwaza. Kwenye soya zao kulikuwa na kiwavi aitwaye Anticarsia gemmatalis. Huyo si mvamizi, ni wa bara lile lile, lakini hadithi yake inatufaa. Kuanzia miaka ya 1980, chini ya watafiti wa Embrapa, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, akiwamo Flávio Moscardi, wakulima walifundishwa kuokota viwavi waliokufa kwa kirusi, kuwagandisha, kuwasaga na maji, kuchuja na kunyunyiza. Viwavi wapatao 50 waliokufa walitosha hekta nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo lililokuwa linanyunyiziwa lilifika karibu hekta milioni mbili kwa mwaka.

Kisha likashuka sana, ingawa kirusi kilikuwa bado kinaua vilevile. Wakulima walianza kunyunyiza sumu mapema, pamoja na dawa za magugu, kwa kuwa zilikuwa rahisi na ziko tayari mkononi, na zilipopigwa hapakubaki viwavi wa kuambukizwa wala maiti za kuokota. Nilisoma habari hiyo mara tatu.

Kizazi kimoja kutoka Mexico

Usiku mmoja nilikaribia kuifunga habari hii yote. Nilikuwa nasoma kuhusu nondo wa tufaha, Cydia pomonella, ambaye amevamia karibu kila nchi inayolima tufaha. Kirusi chake kiligunduliwa kwa viwavi wagonjwa nchini Mexico mwaka 1963. Dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya bustani za Ulaya zilitoka kwenye kizazi hicho kimoja cha kirusi. Zilifanya kazi vizuri, mwaka baada ya mwaka, hasa kwa wakulima wasiotumia kemikali.

Mwaka 2005 taarifa zikatoka Ujerumani: kwenye baadhi ya bustani dawa haiui tena. Viwavi wengine walihitaji kipimo zaidi ya mara 1,000.

Usugu ulikuwa umekaa kwenye kromosomu ya jinsia. Kwa nondo, jike ana kromosomu Z moja tu, kwa hiyo nakala moja ya jeni ya usugu inamtosha. Na mwenye nakala moja anapona. Ndiyo maana ulienea haraka.

Nilikuwa nimejiaminisha, bila kujua, kwamba kitu cha asili hakizoeleki. Kwamba usugu ni adhabu ya kemikali. Lakini ukimpiga mdudu kwa silaha ile ile moja kila msimu, kwake haijalishi imetoka kiwandani au kwenye maiti ya ndugu yake. Kilichowaokoa wakulima wale ni virusi vingine vya aina hiyo hiyo vilivyokusanywa mahali pengine, vikiwamo vya Iran. Mdudu alikuwa na ugonjwa wa namna nyingi duniani, sisi tukaubeba wa namna moja.

Siku sita

Shangazi hakutaka kusikia habari za Ujerumani. Alitaka kujaribu.

Kwa wiki mbili aliokota maiti. Alipata kumi na moja. Akaziweka kwenye barafu ndani ya kichupa alichokifunga kwa mifuko mitatu. Rafiki yangu wa maabara alituonya kwamba uji wa namna ile una bakteria wengi pamoja na kirusi, kwamba tuvae glavu, na kwamba tusikiite dawa. Tulikubali. Tulisaga, tukachuja kwa kitambaa mara mbili, tukachanganya na maji.

Mistari minne tuliinyunyizia uji. Mistari minne mingine, mbali kidogo, tuliinyunyizia maji matupu kwa bomba jingine. Tulifanya jioni jua likizama, maana mwanga wa jua unakiharibu kirusi hiki ndani ya siku chache tu. Tukaelekeza bomba ndani ya mioyo ya miche.

Siku ya pili shangazi akanipigia. "Wanakula."

Siku ya tatu: "Mwanangu, wanakula kuliko jana."

Nilijua hilo litatokea. Nilikuwa nimemweleza, kwamba kirusi kinachukua siku nne hadi nane, kwamba mgonjwa anaendelea kula mwanzoni. Lakini kumweleza mtu kwenye simu ni kitu kimoja, na yeye kusimama alfajiri mbele ya jani lililotoboka ni kitu kingine kabisa. Sumu ingempa jibu kesho yake. Mimi nilimwomba siku sita, na kila siku moja kati ya hizo ilikuwa inaliwa mbele ya macho yake. Siku ya nne hakupiga simu. Nilishindwa kufanya kazi yangu siku hiyo.

Siku ya tano alisema wamekuwa weupe-weupe na wazito kusogea. Siku ya sita alinitumia picha bila maneno: viwavi watatu wadogo kwenye ncha za majani, vichwa chini.

Sitadai zaidi ya tulichokiona. Wadogo walikufa wengi. Wakubwa karibu wote walipona. Wanazidi kuwa wagumu kuambukizwa kadiri wanavyokua, na walikuwa wamezama ndani ya mche mahali ambapo uji haukufika. Wachache walikufa hata kwenye mistari ya maji matupu, pengine kwa ugonjwa uliokuwamo shambani tayari, pengine kwa mikono yetu tuliyopitisha huku na huku. Mistari minne haithibitishi chochote. Mahindi yale yalibaki na matundu.

Nilimuuliza kama amekata tamaa. Hakujibu. Aliniuliza kwa nini wale wadogo ndio waliokufa.

Nikamweleza kwamba kiwavi aliyetoka kwenye yai leo anahitaji vijiwe vichache mno, na kabla hajaingia ndani ya moyo wa mche anakula juu ya jani, mahali wazi. Ni siku chache tu. Ukimpata hapo anakufa kabla hajala kitu cha maana. Ukimkosa, unabaki kupigania kilichobaki. Na huwezi kumpata hapo ukianza kutafuta baada ya kuona matundu.

"Kwa hiyo nitafute mayai," akasema.

Juzi nilikwenda. Nilimkuta ameshaanza kazi, jua halijapanda bado, anageuza jani baada ya jani kwa vidole viwili. Hakunisalimia mara moja. Aliinua jani moja akanionyesha upande wa chini: kibandiko cha mayai kidogo kuliko ukucha, kimefunikwa manyoya ya kijivu kama ukungu wa mkate. Kuna mayai mia moja au mia mbili mle ndani. Nilinyoosha mkono kukiponda.

Akanizuia.

"Niache kwanza nifunge uzi kwenye huu mche," akasema. "Wanatoka lini hawa? Kesho, au kesho kutwa?"